Kuhusu Herufi x na Nyonga ya Baba Yangu

Kibanda cha Shira cha Desrochers,
Barabara ya Mlima wa Nne,
Eastbrook Hollow, Vermont.
19 Februari

Kwa Ndugu Everett Haugland,
Mtunzaji wa Majina ya Vifaa katika Kiini,
Fargo, Dakota Kaskazini.

Ndugu Haugland,

YAH: KUKATALIWA KWANGU MARA NANE

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu ambaye umemwambia "hapana" mara nane tangu Septemba na bado anakuita ndugu. Sisi huku hatujambo, ila theluji imefika kwenye madirisha na baba yangu hawezi tena kupanda ngazi. Natumaini wewe nawe hujambo, pamoja na familia yako kama unayo. Sijui kama unayo, maana kwa majibu yako ya maneno manne manne sijapata kujua lolote kukuhusu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya barua pepe. Baraza lenu la barua pepe lina mlinzi wa mashine ambaye amezirudisha barua zangu mbili akisema zina mapambo, yaani rangi na herufi nene. Ya tatu ilipita, lakini muungwana mmoja wa barazani akanisuta mbele ya watu elfu kadhaa kwa kuwa nimeandika jibu langu juu ya maneno ya mwenzangu badala ya chini yake. Nikasema basi, potelea mbali. Posta haijawahi kuniuliza nimeandika juu au chini.

Ili mtu mwingine atakayeisoma barua hii, pengine mwanasheria, asipotee njiani, naomba kwanza nieleze kisa chenyewe.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nilifanya kazi mjini miaka kumi na miwili, kisha nikarudi nyumbani kumtazama baba, Mzee Armand Desrochers, mwenye miaka sabini na minane, ambaye anapika shira ya meipo tangu akivaa kaptura. Meipo ni mti, na utomvu wake ni kama maji. Ukitaka galoni moja ya shira, utachemsha galoni arobaini za utomvu. Kwa hiyo mtu husimama mbele ya karai la futi kumi na mbili, saa kumi na nne kwa siku, akitazama kina. Kikishuka chini ya upana wa kidole, karai limeungua kabla hujamaliza kupiga chafya. Vuli iliyopita daktari alimwambia baba kwamba nyonga yake ya kushoto imekwisha, asisimame zaidi ya saa moja kwa siku. Baba akamjibu, "Sawa, daktari. Na utomvu je, umeuambia?"

Basi nikatengeneza kifaa. Kuna boya dogo linaloelea ndani ya karai na kupima kina, na kuna koki inayojifungua yenyewe kuongeza utomvu kina kikipungua. Kazi ya baba iwe kukaa kwenye kiti na kusikiliza kengele. Hayo tu. Sikutafuta utajiri wala sifa, nilitafuta mzee akae chini.

Kifaa kinafanya kazi na kompyuta ndogo, na kompyuta inategemea kiini, ile programu ya ndani kabisa inayozungumza na vyuma, ambayo watu wa dunia nzima wanaiandika pamoja bila kuonana. Kompyuta ikiwashwa, kiini hukiuliza kila kifaa, "Wewe nani?" Kifaa hutoa jina lake la utambulisho: jina la kampuni, mkato, halafu jina la modeli. Kiini kikilijua jina hilo, kinatafuta programu ya kukiendesha kifaa na kazi inaanza. Kisipolijua, kifaa kinabaki chuma. Na kwenye mlango wa daftari la majina hayo, Ndugu Haugland, umekaa wewe.

Bado kidogo nifike kwenye malalamiko. Hapa Eastbrook Hollow familia kumi na moja zina ushirika wa shira, na baba ni mmoja wa waliouanzisha. Miaka mitano iliyopita ushirika uliletewa mashine na bwana mmoja mwenye maneno matamu, ambaye programu yake alikuwa nayo peke yake mfukoni. Bwana akahama, programu ikaoza, na mashine zake leo ni meza za kuwekea ndoo. Tangu siku hiyo mwenyekiti wetu, Bi Thelma Pickering, ana sharti moja, na alinitamkia usoni: "Lorraine, kama jina la mashine yako halimo kwenye kile kiini cha watu wote, usinipotezee muda. Wewe ukifa leo, kesho nitamuuliza nani?" Kura itapigwa siku ya mkutano wa mji, Jumanne ya kwanza ya Machi, baada ya chakula. Ushirika ukikikataa kifaa, baba naye hatakigusa. Ameshasema hawezi kukaa kitini wakati wenzake wamesimama. Na wewe umetangaza kwamba mlango wa majina mapya unafungwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Sasa malalamiko.

1. Jina la kwanza nililolileta lilikuwa "desrochers,kaa-chini". Ulijibu siku hiyohiyo, na hilo nakupongeza: "Hapana. Jina linataja kifaa ni nini. Halitaji unachotumaini kitafanya." Nilikaa jikoni nikaisoma mara tatu na chai ikapoa. Ndugu Haugland, ni lini watu waliacha kutoa majina kwa matumaini? Nina binamu anaitwa Prudence, yaani Busara, na ameshaingiza gari mtoni mara mbili, mara ya pili akiwa anawaonyesha watu alivyoingia mara ya kwanza. Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kurudisha cheti chake cha kuzaliwa kwa marekebisho. Hata hivyo nilikutii. Nilikiita kifaa "shira-40", jina lisilo na moyo hata kidogo, kama ulivyotaka.

2. Ukarudi tena: "Hapana. Desrochers haimo kwenye orodha ya kampuni. Desrochers ni nani?" Nilifanya kosa la kumsomea baba. Akaweka uma chini. "Mwambie Desrochers ni babu yako aliyeshuka kutoka Quebec na shoka moja na jozi moja ya soksi," akasema. "Halafu muulize, yeye Haugland ni nani?" Sikukuuliza, kwa adabu. Badala yake nikaandikisha kampuni, nikafungua tovuti ya ukurasa mmoja yenye picha ya baba mbele ya karai, ambayo imeniletea ugomvi nyumbani kwa sababu siku hiyo hakuwa amenyoa ndevu. Tovuti imetembelewa mara nne. Tatu ni mimi. Ya nne nadhani ni wewe, na nashukuru.

3. Kiraka cha tatu, maana ndivyo mnavyoliita kila badiliko tunalowaletea, ulikikataa kwa kuwa nilileta programu kabla ya maelezo ya jina, kumbe maelezo hutangulia. Cha nne hukukiona kabisa, kilikataliwa kwa niaba yako na mlinzi wako wa mashine kwa sababu ya nafasi tupu mwishoni mwa mstari. Nafasi tupu, Ndugu Haugland! Kitu ambacho hakipo! Cha tano sikumbuki kilikataliwa kwa nini, na nadhani na wewe hukumbuki.

4. Sasa nafika penyewe. Nina modeli tatu: 40, 41 na 42. Zote ni ndugu wa tumbo moja. Ya 42, ambayo kiwanda kinachonitengenezea bodi na maboya kimenitumia mwezi huu, tofauti yake na wenzake ni rangi ya kifuniko. Naapa mbele yako na mbele ya mwanasheria. Kwa hiyo katika kiraka cha sita niliandika kwa wote jina moja, "desrochers,shira-4x". Herufi x hapo, kama ajuavyo kila mwenye akili timamu, maana yake ni "namba yoyote itakayokuja". Nilijiona mwerevu. Jina moja, kazi imekwisha, na hata nikitengeneza modeli ya 43 mwakani sitakusumbua.

Ukajibu: "Hapana. Herufi za jumla haziruhusiwi. Taja modeli."

Nikaileta x ileile tena, katika kiraka cha saba na cha nane, pamoja na kurasa mbili za hoja. Ukajibu mara zote mbili: "Rejea jibu langu la awali."

Hebu tuzungumze kama watu wazima. Bi Thelma ana ng'ombe sitini. Jioni haendi uwanjani akawaita mmoja mmoja, Buttercup njoo, Duchess njoo. Anapiga ukelele mmoja tu ambao unasikika hadi kwetu, na wote sitini wanakuja, na maziwa yanapatikana. Najua utaniambia kila ng'ombe ana namba yake sikioni. Tafadhali usiniambie. Kinga ya moto ya mji wetu ni gari moja linaloitwa "gari", daraja letu linaitwa "daraja", na hatujawahi kupotea wala kuungua zaidi ya watu wengine. Ni wewe peke yako, kutoka Fargo, mahali ambapo nasikia barabara zinaitwa kwa namba mfululizo hadi zinaishia shambani, unayetaka kila kitu kitajwe peke yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wewe una maelfu ya majina, mimi naomba moja.

5. Pamoja na hayo, mna desturi yenu kwamba kifaa kipya kikitokea, kitaje jina lake kamili, kisha kitaje na la kaka yake mkubwa anayefanana naye, ili kiini kisipomjua mdogo kimchukulie kama mkubwa. Ulinishauri hivyo, kwa maneno saba. Ndugu Haugland, mimi nimeishi ndani ya desturi hiyo. Nina dada mkubwa, Claudette. Shule yetu ilikuwa na mwalimu mmoja, naye kila aliposhindwa kunikumbuka alinichukulia kama Claudette. Claudette alikuwa hodari wa hesabu na aliogopa mbwa. Basi mimi nikapewa hesabu ngumu, na mbwa wa shule, ambaye nilimpenda kuliko watu, alifungwa nje kila nilipoingia. Miaka minane! Leo unaniambia niwafanyie watoto wangu wa chuma jambo lilelile?

6. Jina likishaingia kwenye daftari lako halitoki milele. Hili nalielewa: mashine za zamani ziko mashambani na migodini, na ukilifuta jina zitakufa. Lakini Jumamosi moja nililipitia daftari hilo mstari kwa mstari, na nimekutana na kampuni zilizokwisha kufilisika mara mbili. Nimekuta kipimo cha unyevu wa sigara kilichotengenezwa kimoja tu duniani, na mwenye nacho siku hizi anafuga kondoo. Wafu wote hao wana majina, kamili, yenye namba. Mimi niliye hai, na karai linalongoja, sina. Ukiona nina uchungu kwenye mwandiko hapa, ni kweli, ninao.

7. Ufupi wako. Nimehesabu: tangu Septemba umeniandikia chini ya maneno mia. Mtu mmoja wa Ufini aliyeleta jina la kipimajoto ulimwandikia "Safi." Niliisoma hiyo "Safi" kwa wivu ambao nimelazimika kuukiri kanisani. Na kama kweli kila kitu lazima kitajwe kwa jina lake halisi, mbona "hapana" zako zote umeziita hapana? Kuna hapana ya leo, kuna hapana ya daima, kuna hapana ya rudi ukiwa umekula, kuna hapana ya karibu utapata. Mimi nimezipokea nane na sijui zipi ni zipi. Je, hiyo siyo herufi ya jumla? Je, hiyo siyo x?

8. La mwisho si la kompyuta. Wiki iliyopita nilikwenda kibandani kuangalia bomba la moshi nikamkuta baba. Moto haujawashwa, karai tupu, utomvu bado umeganda mitini. Amesimama tu, mkono mmoja kwenye nguzo. Nikamwambia, "Baba, unafanya nini na baridi hii?" Akasema, "Nafanya mazoezi." "Mazoezi ya nini?" "Ya kusimama. Mwaka huu nina wasiwasi kidogo." Baba yangu, Ndugu Haugland, hajawahi kunitamkia neno "wasiwasi" maisha yake yote, hata siku tuliyomzika mama. Nilimshika mkono tukarudi nyumbani. Ningependa uwe na jambo hili kichwani utakapokuwa unaandika hapana ya tisa.

Kwa kuzingatia hayo yote, na nikiwa na akili zangu kamili, naleta maombi yafuatayo. Hulazimiki kuyakubali yote. Moja tu litanitosha.

(a) Herufi x iruhusiwe. Kwangu mimi tu, kama itabidi, na kwa msimu mmoja.

(b) Kama (a) haliwezekani, basi naomba utomvu uahirishwe hadi toleo lijalo la kiini, wakati wa kiangazi. Nina miti elfu mbili na mia tatu, na niko tayari kukuletea orodha ambayo kila mti umetajwa peke yake, kwa kuwa najua hupendi majumla. Jua la Machi uliandikie wewe mwenyewe, kwa mtindo wako uleule: "Hapana. Rejea jibu langu la awali." Ninaamini litasikia. Mimi nilisikia.

(c) Kama (b) nalo haliwezekani, basi njoo. Njoo Eastbrook Hollow kuanzia wiki ya kwanza ya Machi hadi katikati ya Aprili, usimame mbele ya karai mahali pa baba. Tutakupa mabuti, maana kwetu tope la majira hayo humvua mtu viatu, na utakula milo yote mitatu. Mlangoni utajitambulisha kwa kanuni zako mwenyewe, kampuni kwanza, mkato, kisha modeli na mwaka wa kutengenezwa. Baba asipokujua, utamtajia ndugu yako mkubwa, naye atakuchukulia kama huyo. Asipomjua na huyo, tutakuandika kama mtu yeyote mwenye nyonga nzima, na hapo tutakuwa tumetumia herufi ya jumla, lakini hatutamwambia mtu.

(d) Kama yote matatu hayawezekani, naomba unitajie kwa jina kamili mtu aliye juu yako, nami nitamwandikia yeye. Nasikia yupo, na kwamba ana maneno machache kuliko wewe.

Nimesema yangu. Sina kinyongo. Nisalimie mlinzi wako wa mashine na umwambie nimehakikisha hakuna nafasi tupu mwishoni mwa mistari ya barua hii. Msalimie yule muungwana wa juu na chini. Msalimie wa Ufini, na hongera kwa kipimajoto chake. Nisalimie wote wa nyumbani kwako, wawe wangapi wawao, kwa majina yao. Bi Thelma anakusalimu bila kukujua. Baba hakusalimu, lakini amesema ukija usije na viatu vya mjini.

Ni mimi, niliyekataliwa kwa heshima zote,

Lorraine Desrochers
(sahihi)

TANBIHI, 22 Februari, Jumapili.

Ndugu Haugland, barua hii ilikuwa bado mezani ikingoja stempu. Sijaichana kwa sababu mwandiko wake umenitoka vizuri, lakini kuna jambo limetokea na itabidi ulisikie kutoka kwangu.

Ijumaa jua lilitoka kali kama la Aprili, na kufikia mchana miti ilikuwa inatiririka, wiki mbili kabla ya siku zake. Jumamosi asubuhi tukawasha moto. Nikafunga bodi mpya ya modeli ya 42, yenye kifuniko cha kijani, na ndani ya kompyuta nakala yangu mwenyewe ya kiini ikiwa na kiraka changu cha nane ulichokikataa, x yake ikiwa mahali pake. Nilitaka nikuandikie baadaye kwamba imefanya kazi. Nikamvutia baba kiti nikamwambia, "Kaa." Akakaa. Alikaa karibu nusu saa, jambo ambalo sijaliona kibandani tangu nizaliwe. Akala donati na tango la siki, kama ilivyo desturi yetu msimu wa shira, akanyoosha mguu, akasema, "Kumbe karai likitazamwa kutoka hapa ni zuri." Moyo wangu ulijaa nikatoka nje kuleta kuni ili asinione usoni.

Niliporudi alikuwa amesimama. Ameinua ndoo kwa mikono miwili, anamwaga utomvu baridi kwenye karai, na mvuke umejaa kibanda kizima. Alikuwa amesikia sauti ya mchemko ikibadilika. Nilitazama kioo cha mashine yangu: kinasema karai limejaa pomoni, koki imefungwa, kila kitu salama. Nilitazama karai: kina kilikuwa chini ya nusu ya kidole, na pembeni shira imeanza kuwa nyeusi. Dakika moja zaidi tusingekuwa na karai, na baba alikuwa ameketi hatua mbili kutoka hapo.

Karatasi ya kiwanda ilikuwa imo ndani ya boksi. Sikuwa nimeisoma, nilisoma rangi tu. Inasema kwamba maboya ya zamani yaliwaishia, kwa hiyo kwenye modeli ya 42 wameweka ya aina nyingine, ambayo yanasema "juu" pale ya zamani yanaposema "chini". Kiini kiliuliza, "Wewe nani?" Bodi ikajibu "4x". Kiini, kwa uaminifu wake, kikaichukulia kama 40, sawasawa na nilivyokuomba kwa kurasa mbili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nusura nivunje la mtu mwingine.

Bi Thelma aliuona mvuke kutoka kwake akaja na trekta, akafika akiwa bado na aproni. Nilimweleza yote, sikumficha kitu, hata zile kurasa mbili. Akanisikiliza, akauliza, "Na ni nani huyo aliyekuwa anasema kila mashine itajwe peke yake?" Nikasema ni bwana mmoja wa Fargo ambaye hajawahi kuniandikia sentensi ndefu. Akasema, "Huyo mimi nitamchagua hata asipogombea." Kuhusu kura ya Jumanne ile hakuahidi kitu, ila amesema jina likiwemo, na likiwa la kweli, atasimama mwenyewe kulitetea mbele ya ushirika.

Kwa hiyo naomba ufute malalamiko ya kwanza hadi ya sita. La saba nimelifikiria sana nikaona libaki, kwa kuwa hata sasa neno moja la upole lisingekuua. Ombi (a) nalifuta kwa aibu. Ombi (b) jua limeshalikataa. Ombi (d) sahau kwamba niliandika.

Kiraka cha tisa nimekituma asubuhi hii kwa barua pepe, hakina mapambo. Kina majina matatu kamili, 40, 41 na 42. Ya 41 imemtaja kaka yake, maana kweli wanafanana. Ya 42 haikumtaja mtu, imesimama peke yake. Maelezo yametangulia programu. Hakuna x popote.

Ninachokuomba sasa ni ukipitie kabla ya Ijumaa. Utomvu bado unatiririka, tunapika leo pia, nimeizima mashine na baba yuko mbele ya karai tangu alfajiri. Nimesogeza kiti mara tatu hadi nyuma ya magoti yake na mara tatu amekisukuma kwa kisigino. Sasa hivi nimemwambia nakuandikia, nikamuuliza atakaa lini, naye hakugeuza hata kichwa. "Siku huyo bwana wa Fargo akisema ndiyo, nitakaa," amesema. "Katika nyinyi wote, ni yeye tu aliyekuwa analitazama karai langu."